Mrejesho: haki ya serikali kunipangia pa kuuzia korosho

Wakuu, niliuliza kama serikali ina haki ya kumpangia mkulima pa kuuzia korosho zake. Asanteni kwa majibu.

Hoja ya mwanafalsafa Mwingereza John Locke imenikaa: mtu akitia jasho lake kwenye ardhi, mavuno ni yake. Huku Tandahimba, Mtwara, napulizia mikorosho salfa (dawa ya ukungu) alfajiri kabla upepo haujaanza, naokota mabibo, nanyonyoa korosho moja moja. Anayesema zao hili ni la taifa ananiudhi hadi leo.

Ila swali la mwanafalsafa Mmarekani John Rawls limenibana: ungekubali sheria gani kama hujui utakuwa nani? Ningeweza kuwa mjane anayeuza kwa kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya mfumo rasmi, kabla ya msimu, kwa kipimo cha mnunuzi, maana mtoto anadaiwa sare. Uhuru wake wa kuuza uko wapi? Kwa hiyo mfumo wa serikali wa stakabadhi ghalani (unapeleka korosho ghala la pamoja, unapewa risiti, kisha zinauzwa kwa mnada) naunga mkono, mradi makato yabandikwe wazi na malipo yasicheleweshwe.

Limebaki la ardhi. Locke alitaka wengine wabakiziwe ya kutosha, nzuri vilevile. Vijana wetu wasio na shamba wanadai nini kwetu tuliorithi mikorosho? Hapo bado natafuta.