Msuguano bila maabara: nifundishe vipi?

Mwalimu wa Pongwe, Tanga
Salaam walimu wenzangu. Jana nilikokota kibao juu ya meza kwa mizani ya springi. Mshale ulisogea kidogo tu, kidato cha tatu wakabaki wananitazama. Kueleza msuguano wanajua, ila mikononi hawajausikia. Nataka wavute mpaka jasho liwatoke. Nina chaki, madaftari na baraza yenye nguzo. Nisaidieni.

Jibu
Jaza mchele mkavu kwenye chupa yenye shingo nyembamba, igongegonge mezani ushindiliwe. Chomeka penseli na kuichomoa mara nyingi, mwishowe penseli itainua chupa nzima.

Jibu
Mwalimu, madaftari yanatosha. Pishanisha kurasa za madaftari mawili, moja moja hadi mwisho. Usiruke tano tano. Mimi nilifanya hivyo yakaachia hapo hapo. Kisha shikeni migongo, mvute. Kurasa zinatoka kwenye mgongo kwa mshazari kidogo, kwa hiyo sehemu ya nguvu ya kuvuta inageuka kuwa ya kuzibana. Mkizidi kuvuta, zinazidi kushikana. Mwaka 2016 wanafizikia wa Ufaransa na Kanada walichapisha vipimo: kurasa zikiongezwa mara 10, kani ya kuzitenganisha hupanda kama mara 10,000.

Jibu
Mimi si mwalimu, nashughulika na mashua hapa Deep Sea. Nguzo si unayo? Izungushie kamba ya katani mara tatu. Ncha moja wape vijana watano, nyingine mpe binti mmoja. Mashua tunaizuia hivyo hivyo.

Mwalimu wa Pongwe, Tanga
Ahsanteni sana, na wewe kaka wa mashua Mungu akubariki. Kamba tuliifanyia hesabu kwanza: kipimo cha msuguano kikiwa 0.3, mzunguko mmoja unazidisha nguvu ya anayeshika mara 6 na nusu, mitatu zaidi ya mara 280. Binti mdogo kuliko wote darasani akawashikilia vijana watano, nao visigino vinachimba mchanga.

Madaftari ndiyo yaliyonigusa. Walivuta wanne kwa wanne mpaka pini za mgongo mmoja zikaanza kung'oka, kurasa bado zimeshikana. Kengele ilipogonga, kijana wa dawati la nyuma, ambaye huwa hasemi, akayalaza mezani na kuanza kuzifunua moja moja kwa kidole. Zikaachia zote bila kuvutwa. Akaniuliza, "Mwalimu, ile nguvu imekwenda wapi?" Kesho naanzia hapo.