Changu wa baruti nitamjuaje kabla sijatoa pesa?

MamaSamaki_Barabara12: Asalaam aleikum wana Tanga. Nakaanga samaki jioni hapa Ngamiani. Juzi nimebeba ndoo ya changu pale mnada wa samaki wa Deep Sea kwa bei ya kutupa, nikajiona nimeotea. Kuja kuwapasua, damu imevilia tumboni, uti wa mgongo umekatika, nyama inabonyea. Kwenye mafuta wakamumunyuka wote. Mteja akaniambia, "Mama, hawa wa bomu, wamevuliwa kwa baruti." Sasa mnadani siwezi kupasua samaki wa watu. Nitawajuaje? Na ninunue nani, maana wateja wangu ni wa mfuko mwepesi?

Mzee_wa_Mshipi: Waaleikum salaam mwanangu. Mimi nimezeekea kwenye ngalawa, Sahare. Mshike changu katikati umwinue. Akikunjika sehemu moja kama kalamu iliyovunjika, mrudishe. Kisha mtazame mdomo: wa mshipi ana tundu la ndoana. Wa wavu ana michirizi ya nyuzi nyuma ya mashavu. Ukiona hana alama yoyote, muulize muuzaji kavuliwa na nini, na akianza kukuapia, ondoka.

Hasara si ya kikaango chako tu. Bomu likipiga mwamba, matumbawe yanabaki kokoto, na kokoto zinabiringishwa na maji kila siku, tumbawe changa litashika wapi? Samaki nao wengi wanapasuka kibofu cha hewa wanazama, wanaozea chini bila kuliwa na mtu. Nina mwamba wangu nilikuwa nikipata tasi na chewa mpaka nachagua. Sasa nikitupa mshipi, chambo kinarudi kama kilivyokwenda. Na haya maji ya kuelekea Pangani ni Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, yule samaki wa kale, tangu 2009!

Binti_Kigombe: Shikamoo mama. Chukua vibua na dagaa, wanazaana upesi. Chewa muache: huanza jike, akishakua ndipo wengine wanageuka dume, kwa hiyo ukimaliza wakubwa umemaliza madume. Pweza wa chini ya nusu kilo pia muache, jike anataga mara moja tu maishani, analinda mayai bila kula mpaka afe.

Kijana_Mchukuuni: Dada, msimdanganye mama. Vibua nao wanapigwa bomu, tena kundi zima wakiwa juu juu. Na dagaa huvuliwa kwa taa, mbalamwezi ikiwaka hampati. Mama, aina peke yake haitoshi, kila samaki mkunje kama alivyosema mzee.

Mzee_wa_Mshipi: Kijana kasema kweli. Hapo sikumaliza.

MamaSamaki_Barabara12: Ahsanteni. Leo nimerudi na kilo nne za vibua, mmoja mmoja nimemkunja. Wawili nimewakataa. Muuzaji kaniuliza nanunua samaki au namkanda mgonjwa.