Mwanafunzi wa udaktari akicheka, mgonjwa anapungukiwa nini?

Wakuu, juzi kwenye kahawa hapa Moshi mzee mmoja mstaafu wa hospitali alisema: "Sisi tulitukanwa wodini, ndiyo maana tukaiva." Karibu kijiwe kizima kikamuunga mkono. Mimi nakataa.

Nikiwa mwaka wa tatu wa udaktari, kwenye raundi ya wodini, niliulizwa visababishi vya macho kuwa ya njano. Nilikuwa nimevikeshea usiku kucha. Kabla sijafungua mdomo daktari bingwa akasema, "Wewe form six ulipitaje?" Vyote vikayeyuka. Aliyenitoa aibu ni mgonjwa mwenyewe, mama wa Kibosho: "Usijali baba, utakumbuka tu." Nikakumbuka kweli, nikiwa kwenye daladala.

Mwaka 1997 mwanasaikolojia Alice Isen na wenzake, Marekani, waliwapa baadhi ya madaktari kifuko cha pipi, kisha wakawapa wote kisa cha mgonjwa wa ini. Waliopewa pipi walifikiria ugonjwa wa ini mapema kuliko wenzao, wala hawakung'ang'ania wazo la kwanza. Pipi tu, jamani! Mwanasaikolojia mwingine, Barbara Fredrickson, naye anaeleza kwamba hofu huibana akili iwaze kukimbia au kupigana, wakati furaha huipanua na kuiwekea akiba ya siku mbaya. Ukikutana na nyati, hofu ni sawa. Kwa mgonjwa mwenye dalili saba zisizoelewana, hapana.

Sisi furaha tunaiahirisha: mpaka sapu (mitihani ya marudio) ziishe, mpaka miaka 5 iishe, mpaka mwaka wa intani, ule wa mazoezi hospitalini, uishe. Semeni.

— Mimi ni nesi, wodini nina miaka 20. Mgonjwa wa saa nane usiku haji na pipi. Nilikaripiwa kwa kuchanganya dozi na sijarudia mpaka leo.

— Mnasahau bumu, hela ya mkopo wa wanafunzi. Likichelewa wiki tatu, hata raundi iendeshwe na malaika hucheki. Mimi na rumeti wangu tulikula uji asubuhi na usiku, tukaupa majina: wa asubuhi stafutahi, wa usiku dina. Tulicheka, ila tulikuwa na njaa.

— Mwanzisha mada hapa. Wa uji, umenishika pabaya, pole sana. Dada nesi, ulikaripiwa dozi. Uliambiwa pia huna akili, mbele ya mgonjwa?

— Hapana. Sista aliniita pembeni, akanionyesha chati, akafunga mlango kwanza.

— Basi hatubishani.

— Tunabishana bado. Huyo bingwa wako, nani atamwambia afunge mlango?