Mtoto ameota nywele mgongoni, baba anapaka dawa ya kipara

MamaShani
Habari zenu wapendwa. Binti yangu ana miezi mitano. Alizaliwa na malaika kama watoto wengine, ila siku hizi zimekuwa nywele hasa, nyeusi na ndefu, mgongoni, mapajani mpaka kwenye paji la uso. Mama mkwe anasema ukoo wao ndivyo walivyo, nisihangaike. Mimi jicho liko kwa mume wangu. Anapaka minoksidili ya asilimia 5 kichwani asubuhi na usiku, na kidevuni pia (ndevu zenyewe bado za kuhesabika). Mtoto hulala kifuani kwake, shavu kwa shavu. Yawezekana?

Mfamasia_Mstaafu
Yawezekana sana, mama. Minoksidili ilianza kama kidonge cha presha. Wagonjwa wakaota nywele mwilini, ndipo ikatengenezwa ya kupaka. Haichagui ngozi ya nani. Navarra, Uhispania, mwaka 2023 ilitolewa taarifa ya kichanga kilichoota nywele mgongoni na miguuni. Baba yake, aliyekuwa akimlea, alikuwa akipaka hiyohiyo ya asilimia 5. Mwaka 2024 wadhibiti wa dawa wa Ulaya wakataka onyo hilo liandikwe kwenye karatasi ya dawa. Mtoto akiepushwa nayo, nywele hupungua ndani ya miezi kadhaa.

Ila msikae nyumbani mkisubiri zipungue. Mpelekeni kwa daktari wa watoto, na chupa mwende nayo. Nywele hazimdhuru, ninachotaka kiangaliwe ni moyo na presha yake. Tena huenda si dawa kabisa, yapo matatizo ya homoni yanayofanya hivyohivyo, kwa hiyo mama mkwe msimcheke bado.

Kibwana_T
Mnafuga paka humo ndani? Hata kidogo tu akilamba anaweza kufa. Wa jirani yetu alikwenda hivyo, alizoea kulalia mto wa mwenye dawa.

MamaShani
Paka hatuna, alhamdulillahi. Kliniki tunakwenda kesho. Baba Shani kasoma yote haya, ya kichwani amekubali kuacha, ya ndevu anagoma. Anasema atakuwa ananawa mikono.

Mfamasia_Mstaafu
Mikono anawe, sawa, lakini shavu la mtoto linagusa kidevu, siyo mikono. Mpaka daktari aseme, aache zote. Foronya na fulana zake zifueni leo.

MamaShani
Nimemsomea. Kanuna, ila chupa kanipa.