Mafundi wenzangu, mteja amewahi kukufundisha nini?

Fundi wa Ngamiani
Habari za kazi wakuu. Nashona nguo za kike hapa Tanga, mwaka wa 14 huu. Wiki iliyopita namalizia gauni jeupe la komunio ya kwanza, pamba tupu, nikajichoma sindano. Tone la damu likadondokea kifuani. Nikakimbilia birika la maji ya moto.

Bibi wa mtoto, muuguzi mstaafu, alikuwa benchini anasubiri. Akanishika mkono: "Mwanangu, damu haioshwi kwa moto. Ukiichemsha inaganda ndani ya uzi kama yai kikaangoni. Lete maji baridi na chumvi." Tukaloweka, tukafikicha taratibu kwa sabuni ya kipande. Likatoka lote, ndipo nikapiga pasi.

Nimeshalipa vitambaa viwili vya watu kwa kosa hilohilo! Najua wengi tunaona haya mteja akitusahihisha mbele ya wanafunzi wetu. Mimi nilimwita kijana wangu aje aone. Ninyi je?

Mwashi wa Pangani
Mzee mmoja mvuvi niliyekuwa namjengea alikuta nimeshushiwa mchanga. Akatia punje chache ulimini, akatema. "Huu wa ufukweni. Ukuta utatoa chumvi, rangi itabanduka, na nondo zitaoza." Nikaurudisha, tukaleta wa mtoni. Tangu siku ile naonja kabla sijalipa lori.

Mama Overloki
Kwangu ni muuza khanga. Alinikuta nataka kukata kitenge chake kikavu, akanisimamisha: kiloweke kwanza, kianike, ndipo ukate, maana pamba hurudi. Kumbe zile lawama za "fundi umenibania" nyingine zilikuwa za maji ya kwanza, si za vipimo vyangu.

Kijana wa Cherehani
Fundi wa Ngamiani, na damu ikishakauka?

Fundi wa Ngamiani
Maji baridi hayohayo, ila iache ilale humo usiku kucha. Pasi usiiguse mpaka doa limetoka.

Mama Overloki, nina vitenge vitatu vya sare hapa mezani, navitia majini leo kabla sijashika mkasi. Yule bibi nilitaka kumpunguzia hela akakataa. Akaomba vipande vilivyobaki nimshonee mjukuu kipochi cha rozari. Nimekimaliza jana usiku, kina zipu na kitanzi.