Naomba ushauri: nawafundishaje form one habari za watu waliokaa kijijini kabla ya kulima?

Wakuu habari za mchana. Nafundisha history shule moja huku Mbagala, wiki ijayo naingia mada ya kilimo na makazi. Notisi zote mtaani ni zilezile, watu walikuwa wanawinda na kuhamahama, wakagundua kilimo, ndo wakajenga. Sasa shida yangu ni Wanatufi, wale wa kule Palestina na Jordan, kuanzia kama miaka 15,000 iliyopita, walikuwa na nyumba za mviringo za msingi wa mawe na makaburi palepale kijijini, wakati msosi wao bado swala na nafaka za porini, shamba hamna. Halafu Göbekli Tepe, Uturuki, kama 9500 KK, wawindaji wamesimamisha nguzo za mawe za tani kadhaa, hebu fikiria watu wangapi walihitajika kuvuta jiwe moja na nani alikuwa anawalisha!

Kinachonivutia zaidi ni ile mitego ya jangwani Jordan, kuta za mawe mbili ndefu, nyingine zinafika kilomita kadhaa, zinabanana taratibu mpaka kwenye zizi lenye mashimo pembeni, kundi la swala linaswagwa humo linaishia shimoni. Hiyo kazi mtu mmoja haiwezi, lazima watu wapangane kabisa.

Nawaza niwape hii wachore ubaoni, ila mtihani unataka jibu la notisi. Walimu wenzangu mnafanyaje, mnafundisha yote mawili au mnaacha tu? Na je, pale Makumbusho ya Taifa Posta kuna kitu cha kuwaonyesha kuhusu uwindaji wa zamani ukiacha fuvu la Zinjanthropus? Darasa lina watoto wengi, nauli tu ni mziki.