Jamaa wa Konde: gogo la uwani

Mwanakhamis, saa 1:05 asubuhi
Assalaam alaykum, jamaa zangu. Leo nimelipasua lile gogo la mnazi lililolala uwani tangu kusi iliyopita, nikakuta funza wa chonga, yule mbawakawa mwenye pembe, wamejaa, wanono kama kidole gumba. Wakishageuka chonga wataruka usiku na kutoboa makuti machanga ya minazi yetu, na mnazi uliofikiwa moyo hufa. Naomba Jumapili tulikate na kulichoma kabla masika hayajalilowesha.

Mwanakhamis, saa 3:40 asubuhi
Naona mmesoma mkanyamaza. Nani ana shoka?

Kombo, saa 7:20 mchana
Niko Wete kazini. Funza wapewe kuku, kisha Jumapili tuwale kuku.

Salma, saa 7:26 mchana
Basi aanze yule jogoo wa Ami anayewika usiku wa manane.

Mwanakhamis, saa 7:31 mchana
Jogoo asubiri. Lundo la samadi nyuma ya banda nalo lipinduliwe, kwani chonga hutaga humo pia. Kuti lililokatwa ncha za pembetatu, kana kwamba limepitiwa na mkasi, ndilo dalili yake. Aliyekwisha kuingia tunduni huvutwa kwa waya wenye ndoana.

Hamadi, saa 11:50 jioni
Nitakuja. Lakini mwaka juzi nilipowazuia msichome viota vya majimoto, wale sisimizi wakali wa mitini, minazini, niliambiwa nawapenda wadudu kuliko watoto. Majimoto ndio waliokuwa wakimla yule mdudu anayefyonza vidaka, zile nazi changa. Leo vidaka vinapukutika vikiwa na mabaka yanayotoa utomvu, na aliyechoma anajijua.

Salma, saa 11:58 jioni
Mwanangu alivimba jicho, Kaka Hamadi. Ulitaka nifanye nini?

Ami Faki, saa 2:15 usiku
Nimesomewa maneno yenu yote. Mnazi ule niliupanda mwenyewe, na kwa nazi za uwanja ule nyote mlisomeshwa. Gogo lichomwe. Majimoto wakirudi, asiwaguse mtu. Watoto wafundishwe wasikae chini ya minazi yenye viota. Na la jicho la mtoto lisitajwe tena humu.

Mwanakhamis, saa 3:02 usiku
Tumesikia, Ami. Basi Jumapili saa 1:00 asubuhi. Kombo, shoka?

Kombo, saa 4:10 usiku
Langu limevunjika mpini. Labda la Hamadi.

Salma, saa 4:12 usiku
Jumapili kuna arusi Micheweni. Haiwezekani Jumatatu?

Mwanakhamis, saa 11:30 alfajiri
Hamadi, shoka lipo? Mvua imeanza kunyesha huku.